Allidina Visram: Mwenye maduka aliyeunganisha Bagamoyo na Kongo kwa mali kauli

BWERA, KASESE

Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, barabara inayoteremka kutoka Bwera kwenda Mpondwe huanza kujaa kabla ya saa moja asubuhi. Bodaboda hupita na magunia ya mchele na katoni za sabuni. Akina mama hubeba nyanya, vitunguu na samaki wakavu kichwani. Malori ya saruji hupanga foleni yakisubiri karatasi. Ng'ambo ya mto Lubiriha ni Kasindi, na kutoka Kasindi njia inakwenda Beni na Butembo. Upande wa huku hurudi kahawa, kakao, mbao, mawese na vitenge.

Kando ya barabara hiyo yako maduka ya jumla na rejareja ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anayajua. Kuna kaunta ya mbao, mizani na rafu zinazoanzia chumvi na kuishia misumari, na chini ya kaunta kuna daftari. Ndani ya daftari hilo yamo majina ya watu wa nchi mbili: nani amechukua katoni ngapi, ameahidi kulipa siku gani, na amepunguza kiasi gani. Bila daftari hilo nusu ya mali inayovuka Mpondwe isingevuka, kwa sababu mchuuzi wengi wao huanza safari bila fedha taslimu mkononi.

Duka la namna hii lina historia. Lilitembea kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kuja ndani, kituo baada ya kituo, mwanzo juu ya vichwa vya wapagazi na baadaye kwa reli, mashua na mkokoteni wa ng'ombe. Wengi walishiriki kulisogeza, lakini jina linalotajwa kwanza ni moja. Ni Allidina Visram, mfanyabiashara ambaye watu wa zama zake walimwita mfalme asiye na taji wa Uganda. Alikufa mwaka 1916, na homa iliyomuua aliipata katika safari ya biashara Kongo.

Maisha yake yanafaa kusimuliwa mpakani kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kazi aliyoifanya ndiyo kazi inayofanywa hapa kila wiki. Na jinsi biashara yake ilivyoanguka ni jambo linalomhusu kila mwenye daftari.

Kutoka Kera hadi Bagamoyo

Allidina alizaliwa Kera, kijiji cha Kutch, magharibi mwa India, katikati ya karne ya 19. Kutch ni nchi kavu yenye mvua ya kubahatisha, na kwa muda mrefu vijana wake walipanda majahazi kufuata upepo wa kaskazi hadi Zanzibar na Mrima. Yeye pia alifuata njia hiyo akiwa bado mdogo. Alikuwa Mwismailia, mmoja wa Wakhoja ambao tayari walikuwa na jamaa na maduka Zanzibar na Bagamoyo. Hakuja na mtaji. Alichokuwa nacho ni watu wa kumpokea.

Aliyemchukua kazini ni Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo. Wakati huo Bagamoyo ndiyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya kwenda Tabora na Ujiji ilianzia pale, na Sewa Haji aliwauzia wasafiri kila walichohitaji: vitambaa, shanga, nyaya za shaba, bunduki, na zaidi ya vyote wapagazi. Wazungu waliokuja kuzunguka bara, akiwemo Henry Morton Stanley, walipitia kwake. Alipopata mali alitoa fedha kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Jina lake bado limo katika jengo moja la Hospitali ya Muhimbili.

Kwa kijana wa Kera, duka la Sewa Haji lilikuwa ndiyo shule. Huko mtu alijifunza kwamba mali haina bei moja. Mtumba wa kitambaa una bei yake Bagamoyo, bei nyingine Tabora na bei nyingine kabisa Ujiji, na katikati ya bei hizo kuna chakula cha wapagazi, hongo za njiani, mvua, magonjwa na wizi. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Msafara wa watu mia kadhaa ungeweza kukaa miezi mingi njiani, na aliyeukopesha mali pale pwani angesubiri mwaka mzima au zaidi kuona meno ya tembo yaliyonunuliwa kwa mali hiyo. Aliyefanya biashara hii alilazimika kujua kumwamini mtu asiyemwona.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897, na Allidina ndiye aliyeiendeleza biashara ya misafara. Mahali pa kusubiri msafara uende na kurudi, yeye aliweka maduka ya kudumu katika njia yenyewe: Dar es Salaam, Saadani, Tinde, Ujiji, hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Badala ya mali kusafiri na mwenyewe, mali ilipumzika katika kituo chenye karani, ikauzwa kidogo kidogo, na mazao ya pale yakakusanywa pale pale. Tayari hapo umbo la duka la kijijini tunalolijua lilikuwa limeanza kuonekana.

Reli ilipokuja

Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa kwenda ziwani. Ilifika mahali panapoitwa Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikafika Kisumu, umbali wa kilomita 930 hivi. Walioijenga walikuwa zaidi vibarua kutoka India, zaidi ya 30,000 kwa jumla, na kama 2,500 kati yao walikufa kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wenye maduka walikuja kwa njia nyingine. Walijilipia nauli, au walilipiwa na tajiri aliyewahitaji, na Allidina alikuwa tajiri mmojawapo.

Aliona mapema kwamba njia ya Bagamoyo ingezidiwa. Alifungua biashara Mombasa, kisha akaifuata reli ilivyosogea. Vibarua walihitaji mchele, unga, dengu, samli na tumbaku, naye akawapelekea. Kabla reli haijafika ziwani tayari alikuwa na duka Kampala. Reli ilipofika Kisumu, mali yake ilipakiwa katika mashua kuvuka Ziwa Victoria, na kutoka Kampala, Entebbe na Jinja ikatawanyika kwa mikokoteni na vichwa vya watu.

Mashirika ya Kizungu yalipenda kubaki kwenye bandari na miji ya serikali. Allidina alikwenda mbali zaidi. Maduka yake yalifika Hoima, Masindi na Toro, na kaskazini yakafuata Nile hadi Nimule na Gondokoro, ambazo leo ziko Sudan Kusini. Mwishoni mwa maisha yake matawi yalikuwa zaidi ya 100, yakiwa yametapakaa katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwapo hata katika ndoto, lakini ramani ya maduka yale inakaribia kulingana nayo.

Namna duka lilivyofanya kazi

Duka la tawi halikuwa kitu cha kupendeza machoni. Lilikuwa kibanda cha mabati au udongo, upana wa vyumba viwili, na mwenye duka akilala nyuma. Mbele palikaa marekani, kile kitambaa cheupe kigumu kilichopewa jina la nchi kilikotoka, pamoja na kaniki, blanketi, shanga, majembe, sufuria, viberiti, mafuta ya taa, sukari na chumvi. Nyuma yalirundikwa yaliyonunuliwa: ngozi, meno ya tembo, nta, samli, pilipili, ufuta, karanga, na baadaye pamba.

Duka moja lilikuwa na kazi mbili, kuuza vya mbali na kununua vya hapa. Faida ilitoka pande zote mbili, na mkokoteni haukurudi mtupu. Mfanyabiashara wa Bwera anayepeleka sabuni Beni na kurudi na kakao anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Tawi lilisimamiwa na kijana aliyetoka Kutch au Kathiawar, mara nyingi wa jamaa au wa jamii ya Allidina. Alianza kama karani. Akionekana mwaminifu alipewa duka la kusimamia, na baada ya miaka kadhaa angeweza kupewa bidhaa kwa mali kauli afungue duka lake mwenyewe, alipe akiuza. Hakutakiwa kuweka rehani wala kwenda mahakamani. Dhamana yake ilikuwa jina la baba yake na macho ya jamii iliyomleta. Akidhulumu, habari zingefika Mombasa kabla yake, na baada ya hapo hakuna ambaye angempa hata kasha la viberiti.

Kwa njia hiyo Allidina alizaa wafanyabiashara wengine wengi, na baadhi yao wakaja kuwa washindani wake. Hilo halikumzuia. Kila duka jipya lilinunua mali kutoka ghala lake na kumpelekea mazao, kwa hiyo alipata chake hata pale ambapo jina lililokuwa juu ya mlango halikuwa la kwake.

Benki kabla ya benki

Mwanzoni mwa karne ya 20 fedha yenyewe ilikuwa tatizo. Uganda ilikuwa bado inatumia simbi, huku serikali ikitaka kodi ya nyumba kwa rupia. Upande wa Wajerumani kulikuwa na rupia yao. Mkulima wa Toro au Bunyoro aliyeambiwa alete rupia hakuwa na mahali pa kuipata isipokuwa kwa kuuza kitu, na mnunuzi aliyekuwa na rupia karibu naye alikuwa mwenye duka. Ndivyo duka na kodi vilivyoingia vijijini pamoja.

Benki ya kwanza Uganda, National Bank of India, ilifunguliwa mwaka 1906. Kabla ya hapo aliyetaka kusafirisha fedha kutoka pwani kuja bara alikuwa na hiari ya kubeba masanduku ya sarafu au kwenda kwa mfanyabiashara mwenye matawi. Maofisa wa serikali, wamisionari na wasimamizi wa reli walimwendea Allidina. Walikabidhi fedha Mombasa, wakapewa hundi, na hundi ile ikalipwa katika tawi la bara. Alitoa pia fedha taslimu za kuwalipa vibarua pale serikali ilipopungukiwa.

Wachuuzi wa Mpondwe ambao leo wanapokea malipo kwa simu huku mifukoni wana dola, shilingi za Uganda na faranga za Kongo wataelewa kwa nini kazi hii ilikuwa na thamani. Aliyeweza kuhamisha thamani bila kuhamisha sarafu alikuwa na nguvu kuliko aliyekuwa na mali nyingi tu dukani.

Upande huu wa Rwenzori

Katika siku zake Kasese kama mji ilikuwa haijazaliwa. Mji huu ulikua kwa reli iliyofika mwaka 1956 na shaba ya Kilembe. Lakini biashara ilikuwapo tangu zamani, na kitovu chake kilikuwa Katwe. Chumvi ya ziwa lile ilivuka kwenda Kongo, ikapanda Toro, ikashuka Ankole, na wafalme walipigana kwa ajili yake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alijenga ngome Katwe ili kuwanyima Wanyoro chumvi hiyo, na akamrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro.

Mpaka wenyewe ulikuwa bado unabishaniwa. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikaa Brussels mwaka 1910 kukubaliana nani achukue nini kati ya Rwenzori na maziwa. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule, watu wa lugha moja na koo zinazofanana, walijikuta chini ya serikali mbili. Ng'ambo, Kongo ilikuwa imetoka tu katika mikono ya Mfalme Leopold, ambaye utawala wake wa mpira na pembe uliua watu wasiohesabika hadi Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908.

Fort Portal ndiyo ilikuwa kituo cha Toro, kiasi cha kilomita 300 kutoka Kampala. Kwa mfanyabiashara wa Kampala, hapo palikuwa ukingoni. Kwa Allidina palikuwa mlango wa kuingilia Kongo ya mashariki, nchi ya pembe za ndovu, ambayo aliijua kwanza kupitia Ujiji na sasa aliikaribia kupitia Uganda. Mali iliyopanda reli Mombasa ingeweza kuifikia Kongo haraka zaidi kuliko mali iliyozunguka na Mto Kongo kutoka Atlantiki. Hesabu hiyo haijabadilika hadi leo. Mzigo wa Butembo na Beni bado unapita Mombasa, Kampala na Kasese.

Kutoka dukani hadi kiwandani

Mwaka 1903 mbegu za pamba zilisambazwa Uganda kupitia kampuni iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Mkulima akapata zao la kuuza, na maduka yakapata kazi mpya. Allidina hakuishia kununua pamba mbichi. Alianzisha viwanda vya kuichambua, na kwa kufanya hivyo akaingia katika shughuli iliyokuwa ikitawaliwa na makampuni ya Kizungu.

Aliendelea hivyo katika mambo mengi. Alikuwa na viwanda vya kukamua mafuta Kisumu na Mombasa, kiwanda cha kupasulia mbao, karakana ya samani, kiwanda cha soda, na mashamba makubwa. Alikuwa na mashua zake ziwani na mikokoteni yake barabarani. Utaratibu unaonekana ukitazama orodha hiyo. Alipoona kitu kinanunuliwa mara kwa mara kutoka nje, alijaribu kukitengeneza hapa. Alipoona zao linapita mikononi mwake likiwa ghafi, alijaribu kuliongezea thamani kabla halijapanda meli.

Katika kutoa pia alifuata nyayo za Sewa Haji. Alichangia jamii yake ya Kiismailia, lakini pia alichangia ujenzi wa kanisa kuu la Namirembe, Kampala, na Shirika la Msalaba Mwekundu wakati wa vita. Winston Churchill, aliyezuru Uganda mwaka 1907, aliandika katika kitabu chake cha safari akimsifu mfanyabiashara wa Kihindi aliyefika mahali ambapo Mzungu hakuthubutu. Hata wapinzani wa Wahindi serikalini hawakuweza kuendesha Uganda bila wao.

Upande mwingine wa daftari

Haitakuwa haki kuishia katika sifa. Daftari la duka lilikuwa na kurasa mbili, na Mwafrika alionekana zaidi katika ukurasa wa deni. Mwenye duka ndiye aliyepanga bei ya kitambaa na bei ya ngozi pia. Mizani ilikuwa yake. Mkulima aliyehitaji rupia ya kodi kabla ya mwisho wa mwezi hakuwa na nafasi ya kubisha.

Mali kauli iliyowainua vijana wa Kutch haikutolewa kwa vijana wa Toro au Busongora. Dhamana ilikuwa ukoo na jamii, na asiyekuwa wa jamii alibaki nje, akiwa mpagazi, mlinzi au mteja. Serikali ya kikoloni ikaliimarisha tabaka hilo kwa leseni na kanuni zilizofanya iwe vigumu kwa Mwafrika kufungua duka lenye nguvu au kumiliki kiwanda cha pamba. Uchungu huo ulijikusanya kwa miaka. Mwaka 1959 ulitokea mgomo mkubwa wa kususia maduka ya Waasia katika Buganda, ukiongozwa na Augustine Kamya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka yaligawiwa watu ambao wengi hawakujua mali inaagizwa wapi wala inakopeshwa vipi, na rafu zikabaki tupu. Katika miaka iliyofuata, watu wa mpakani waliishi kwa magendo, maana sabuni na chumvi vilipatikana kwa kuvuka usiku.

Lakini kosa la mwanzo lilikuwa ndani ya mfumo wenyewe. Biashara iliyowaamini watu wa jamii moja tu ilikua kwa kasi, kisha ikakosa marafiki siku ya shida.

Safari ya mwisho

Agosti 1914 vita vya dunia vilifika Afrika Mashariki. Kwa mwenye maduka pande zote za mpaka wa Waingereza na Wajerumani, pigo lilikuwa kubwa. Njia ya zamani ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, ambayo ndiyo ilimlea, ikawa nchi ya adui. Wapagazi kwa maelfu walichukuliwa na majeshi. Meli zilipungua, bidhaa zikapanda bei.

Katika hali hiyo, mzee mwenye mali ya kutosha kukaa Mombasa na kuagiza kwa barua alisafiri mwenyewe hadi Kongo kwa biashara. Alirudi na homa. Tarehe 30 Juni 1916 alifariki.

Watu wa Bwera hawahitaji kuelezwa hatari ya safari ya namna hiyo. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka kutoka Kongo na kuthibitishwa kwa mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Bwera. Maji ya kunawa yaliwekwa Mpondwe, kila aliyevuka akapimwa joto, na biashara ikaendelea kwa wasiwasi. Anayeishi kwa kuvuka mpaka hubeba hatari ambazo mnunuzi wa mwisho haoni zikiandikwa kwenye bei.

Jina moja juu ya milango yote

Allidina alimwachia biashara mwanawe, Abdulrasul. Kwa nje kila kitu kilikuwepo: maduka, viwanda, mashamba, mashua. Lakini mwenye kujua nani ni mwaminifu, nani anakopesheka na kwa kiwango gani, tawi lipi linadai na lipi linadaiwa, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameondoka.

Kisha ikaja misukosuko ya baada ya vita. Kati ya 1920 na 1921 rupia iliondolewa, ikaletwa florini, halafu shilingi, na waliokuwa na madeni na madai katika daftari waliona thamani ikiyumba mikononi mwao. Bei ya pamba ilianguka wakati huo huo. Biashara iliyokuwa imejengwa juu ya kukopesha mamia ya watu wa mbali ilihitaji mtu mwenye uzito wa kukusanya madeni na kutuliza wadai, na mtu huyo hakuwepo. Abdulrasul naye hakuishi muda mrefu. Katika miaka ya 1920, chini ya miaka kumi tangu kifo cha mwanzilishi, himaya ile ilikuwa imevunjika na mali zake kuuzwa.

Nafasi yake ilichukuliwa na wengine waliotokea katika maduka madogo ya vijijini. Nanji Kalidas Mehta alijenga kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akafungua cha Kakira mwaka 1930. Viwanda hivyo viwili bado vinasaga miwa, na sukari inayovuka Mpondwe ni sehemu ya urithi wa wanaume hao. Kwa Allidina imebaki shule ya upili yenye jina lake Mombasa, iliyojengwa kwa fedha za familia, na sanamu katika bustani ya Treasury Square, mwendo mfupi kutoka Mji wa Kale.

Kwa mwenye duka wa leo

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mfanyabiashara mdogo wa nchi za Jumuiya anaweza kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa kwa bidhaa za hapa zisizozidi thamani ya dola 2,000, bila kulazimika kumlipa wakala. Kiswahili ni lugha ya soko pande zote mbili, kuanzia Mombasa hadi Butembo, kama kilivyokuwa lugha ya misafara ya Bagamoyo. Kwa maneno mengine, njia aliyoitafuta Allidina kwa miaka 40 iko wazi kuliko wakati wowote.

Kinachosumbua ni kile kile kilichomwangusha. Maduka mengi ya Bwera na Kasese yanaendeshwa na mtu mmoja, na hesabu halisi iko kichwani mwake. Anajua nani wa Kasindi amechukua mali ya mwezi uliopita, nani wa Kampala anamdai, na makubaliano gani yalifanywa kwa mdomo. Mke hajui, mtoto aliyeko shule hajui, msaidizi anajua nusu. Akipata ajali barabarani au akalazwa wiki tatu, wadai watakuja na ushahidi wao na wadaiwa watanyamaza. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa mpakani inabidi kuongeza kwamba daftari linalosomwa na mtu mmoja ni nusu ya daftari.

Vikundi vya akiba na vyama vya wafanyabiashara wa mpakani vimeanza kutatua sehemu ya tatizo hili, kwa kuweka kumbukumbu za pamoja na kudhaminiana. Udhamini wa kikundi una faida moja ambayo mfumo wa Allidina haukuwa nayo. Mkonzo, Mnande, Mganda na Mtoro wanaweza kuwa katika kikundi kimoja, na dhamana yao ni mwenendo wao wa kulipa, bila kuulizwa ukoo. Mwanamke aliyeanza na beseni la nyanya anaweza kufikia mtaji ambao karani wa Kitoro wa mwaka 1910 hakuweza kuufikia kamwe.

Mpaka ukifungwa jioni, wenye maduka wa Bwera huwasha taa na kufanya hesabu za siku. Usiku wa leo, kabla ya kufunga daftari, yafaa kumwita mtu wa pili mezani, mke, mume, mtoto au msaidizi, na kumsomea ukurasa mmoja mmoja: huyu ni nani, yuko wapi, anadaiwa nini, na amekuwa akilipa namna gani.